Spana Namba Kumi

Tangu arobaini ipite, gari haliwaki asubuhi.
Nageuza ufunguo: tk. Tk.
Kama mtu anayesonya.
Vijana wa Barabara ya Kumi na Nne washanizoea,
wanaacha vikombe vya kahawa, wanasukuma
hadi pale duka la Mpemba,
na mimi na sare yangu nyeupe
nimeng'ang'ania usukani,
nimechelewa Bombo tena.

Bi Mwanamkasi, dirishani, alisema limefungwa.
Shemeji akasema betri. Nikanunua betri.
Siku ya nne: tk.

Fundi Mhando kaja Jumapili
na mita ya njano, kioo kina ufa.
Akalizunguka hilo Pijo mara moja, kimya,
akasema, "Kuna kitu humu kinakunywa usiku."
Ufunguo nje. Milango imefungwa.
Taa ya ndani akaing'oa kabisa
isije ikabeba lawama ya mwenzake.
Akafungua kichwa cha hasi,
akaiweka mita katikati
kama mshenga baina ya nyumba mbili.

Ampea mbili nukta moja.

"Gari lililolala halifiki huko.
Hizi mbili, mama, ni za nani?"
Ananiuliza mimi.

Akachomoa fyuzi ya honi. Mbili nukta moja.
Ya waipa. Mbili nukta moja.
Ya taa, na ile isiyojulikana ya nini,
mpaka kisanduku kikabaki kitupu
kama fizi za mtoto wa darasa la kwanza,
na namba imekaa pale pale, haina haya.
"Basi huyu," akasema, "hakupitia mlangoni."

Akapiga magoti. Akaufuata waya kwa vidole,
mmoja mwembamba, mwekundu uliopauka,
kutoka betri, kupita tundu la raba,
chini ya zulia lenye mchanga wa Raskazone
na kokwa za tende za Ramadhani sijui ipi.
Kwenye kiungo akasita.
Hakikufungwa kwa tepu ya umeme.
Kimefungwa kwa plasta ya hospitali.

Plasta hiyo naijua.
Niliileta mwenyewe, rola nzima,
siku Baba Rukia alipojikata na bati.
Nilipouliza imekwenda wapi, alisema panya.

Waya ukaishia chini ya kiti cha nyuma,
kwenye amplifaya aliyonunua kwa mabaharia,
ile aliyoniapia kwamba imekufa zamani.
"Weka mkono," fundi akasema.
Nikauweka.
Joto. Joto la kuku anayeatamia.

"Sasa marehemu alikuwa akiliwashaje asubuhi?"
Nikataka kujibu: liliwaka tu, miaka sita liliwaka tu.
Ndipo nikausikia mlango wa uani,
unavyolia kila usiku baada ya taarifa ya habari,
naye anatoka na kitu kiganjani.
Nilidhani sigara.
Nikamnusa shati, halina moshi.
Nikadhani mengine. Mwaka mzima
nilimnunia, nikampakulia ukoko,
naye akala, akasifu nazi.

Kumbe anakwenda kulegeza kichwa cha betri.
Alfajiri, kabla sijaamka, anakikaza.
Yote hayo, kuliko kuniambia
kwamba alichokiunga hakukiunga sawa.

"Nikate?"
"Kata."

Sifuri nukta sifuri tatu.
"Na hiyo?"
"Saa ya dashibodi. Iache, nayo ile riziki yake."
Saa yenyewe inachelewa dakika arobaini.

Amplifaya kaichukua fundi, tukapunguziana ujira.
Usiku, nikifagia nyuma ya mlango wa uani,
nikainua macho: msumari, juu ya kimo changu,
na spana namba kumi imening'inia,
mpini umezungushiwa plasta
ili isimponyoke gizani.

Sikuishusha.
Nina zamu ya alfajiri.